Juu ya Mithali "Ajali Haina Kinga"

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya jambo ambalo kwa sura ni dogo, wala si desturi kuliandika katika karatasi kama hii, nalo ni kofia ngumu ya mpanda pikipiki. Labda mmoja wenu atauliza, Je, hili nalo ni jambo la kufundishwa watu wa kanisa? Twamsihi avumilie hata mwisho, kwa kuwa ndani ya jambo hili dogo mna swali kubwa: mtu aijuaye hatari, na kinga yake i mkononi mwake, kwa nini haitumii? Na akiiacha, je, hasara ni yake peke yake?

Wenyeji wa Kiwangwa wajua jinsi pikipiki zilivyobadili maisha yetu. Nchi yetu ni nchi ya mananasi, na mashamba mengi yako mbali na njia kuu, katika vijia vya mchanga ambavyo gari hushindwa kupita wakati wa masika. Zamani nanasi lilichukuliwa kichwani au kwa baiskeli hata barabarani. Leo kijana hupakia mzigo wake akafika kabla jua halijawa kali; mama mja mzito hufikishwa zahanati usiku; mwalimu wa dini huweza kuhudumia mitaa miwili katika Jumapili moja. Na tangu barabara ya Bagamoyo na Msata ilipotiwa lami, mwendo umekuwa mwepesi, bali maanguko yamekuwa mazito. Hatuwadharau vijana hawa. Kazi yao ni kazi halali, nasi sote twaitegemea. Jina la bodaboda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, ambako watu wa baiskeli walivusha abiria toka mpaka huu hata huu. Kwetu Tanzania kanuni za leseni za pikipiki zichukuazo abiria zilitolewa mwaka 2010.

Tumewaangalia vijana hawa kwa miaka mingi, tukaona ya kuwa mioyo yao juu ya kofia ina majira, kama mwaka ulivyo na majira yake.

Majira ya kwanza ni ya hofu. Kijana aliyekabidhiwa pikipiki leo huvaa kofia, hufunga mkanda wake kidevuni, huvaa na viatu vya kufunika vidole. Hata kwenda kisimani huivaa.

Majira ya pili ni ya mazoea. Mwezi wa tatu au wa nne mkono umekwisha kuzoea, na njia aijua shimo kwa shimo. Jua ni kali, jasho lamwingia machoni, abiria hasikiki asemapo, na wenziwe kijiweni wamcheka wakimwuliza kama aogopa kufa. Basi kofia yatoka kichwani, yaenda kiwikoni. Toka kiwikoni yaenda kwenye usukani. Ikifika hapo kazi yake ni moja tu: kuvaliwa askari wa barabarani aonekanapo, na kuvuliwa akiisha kupitwa.

Majira ya tatu ni ya msiba. Mwenzao mmoja huanguka, na kijiwe chote huenda mazikoni kwa msafara. Juma lile kofia zote zi vichwani, wala hapana anayecheka. Lakini arobaini haijatimia, nusu yake zimekwisha kurudi usukanini.

Majira ya nne huwafikia wachache. Hao huvaa kofia kama mtu avaavyo shati: hawavai kwa kuogopa, wala hawakumbuki kuwa wamevaa.

Tufikiri kidogo juu ya majira ya pili, maana ndipo wengi wanapokaa. Kijana wa majira hayo si mjinga. Ukimwuliza, atakueleza hatari yote vizuri kuliko sisi. Kilichomdanganya ni salama yenyewe. Mara mia amekwenda akarudi mzima, naye hudhani ya kuwa mara mia hizo zimemfundisha kwamba hatari haipo. Kumbe zimemfundisha tu kwamba bado haijafika.

Wala si vijana wa Kiwangwa tu walio hivyo. Mwezi wa Mei, mwaka 1935, Mwingereza T. E. Lawrence, aliyejulikana sana kwa habari za vita vya Arabuni, alirushwa na pikipiki yake alipojaribu kuwaepa wavulana wawili waliopanda baiskeli. Hakuwa na kofia ngumu. Alilala siku sita bila fahamu, akafa. Miongoni mwa waganga waliomwangalia alikuwako Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, na kifo hicho kilimsumbua moyoni. Akachunguza habari za wapanda pikipiki wa jeshi walioumia vichwa, na mwaka 1941 akaandika ya kuwa kofia ngumu zaweza kuokoa wengi. Mwaka ule ule jeshi la Uingereza likawaamuru wapanda pikipiki wake wazivae wawapo kazini. Lakini raia wa nchi hiyo hawakuamriwa na sheria hata mwaka 1973. Toka mazishi ya mtu yule mashuhuri hata sheria ile ilipita miaka 38. Ujuzi ulikuwapo, ila moyo wa watu ulichelewa.

Na jambo alilolijua Cairns si fumbo. Ubongo umo ndani ya fuvu kama yai ndani ya gamba lake. Kichwa kinachokwenda mbio kikisimamishwa ghafula na lami, fuvu husimama, walakini ubongo huendelea kwenda, nao hujipiga katika mfupa. Gamba la nje la kofia hulitawanya pigo lisikae mahali pamoja, na ile sifongo ngumu ya ndani hubonyea, hata kichwa kisimame polepole zaidi. Uchunguzi uliokusanya habari za nchi nyingi, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha ya kuwa kofia hupunguza vifo vya walioanguka kwa sehemu 42 katika mia, na majeraha ya kichwa kwa sehemu 69 katika mia.

Sasa twafika kwenye mithali yetu. Ukimwonya kijana, mara nyingi hujibu, "Mzee wangu, ajali haina kinga." Naye husema kama mtu aliyekwisha kushinda shauri. Lakini tuliangalie neno lenyewe. Ajali limetoka katika Kiarabu, na kwa wazee wetu maana yake ya kwanza haikuwa kugongana wala kuanguka. Ilikuwa ni saa ya kufa, muda ambao mtu amewekewa. Mithali hiyo yasema ya kuwa saa ikifika hapana ngao ya kuizuia, na hilo ni kweli. Nani awezaye kulikana? Siku hizi neno lilo hilo limekuwa jina la mambo ya barabarani, na vijana wameichukua mithali ya mauti wakaifanya mithali ya pikipiki. Wazee hawakusema ya kuwa kuanguka hakuna kinga. Wao wenyewe walifunga maboma kwa ajili ya simba, wakawasha moto shambani kwa ajili ya nguruwe, wala hawakuona kwamba wameikana mithali yao.

Tena saa ya kufa imefichwa, na kati ya uzima na mauti kuna nchi pana. Wako walioanguka na saa yao haikufika, nao wapo hai leo. Walakini hawawezi kuwatambua watoto wao, wala kushika jembe. Ajali haina kinga, bali jeraha lina kinga.

Na yeye asemaye, "Namtumaini Mungu," akumbuke habari ya Martin Luther. Wachungaji wa Breslau walimwuliza kama ni halali Mkristo kuikimbia tauni. Katika jibu lake la mwaka 1527 aliwakemea na wale waliojivunia imani huku wakikataa dawa na tahadhari. Alionyesha ya kuwa hao hawamtumaini Mungu, bali wanamjaribu, tena waweza kuwa wauaji wa nafsi zao na wa jirani zao.

Liko jibu la pili la vijana, nalo lina nguvu zaidi: "Kichwa ni changu." Hili tulipime kwa haki, maana ni kweli kwamba mtu si mtumwa, na si kila jambo lake ni la kuamuliwa na watu wengine. Lakini tumwulize: siku ulipoanguka, ni nani aliyekubeba? Ni nani aliyeuza mbuzi kwa ajili ya hospitali? Ni nani aliyeacha shamba wakati wa kupalilia ili akae kando ya kitanda chako? Kama kichwa ni chako peke yako, mbona maumivu yake yamegawanywa kwa watu kumi? Torati ya Musa ilimwagiza mtu ajengaye nyumba azungushe ukingo juu ya dari yake, mtu asije akaanguka akaleta damu juu ya nyumba hiyo. Dari ni ya mwenye nyumba, tena yeye aijua hata gizani. Walakini hakai juu yake peke yake. Basi na pikipiki ina kiti cha nyuma.

Hapa yatupasa kuungama kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja, wakati wa vuli, tuliitwa kwa mgonjwa upande wa mashambani. Kijana aliyekuja kutuchukua alikuwa angali katika majira ya kwanza. Alivaa kofia yake, na ya pili aliichukua kwa ajili ya abiria. Akatupa kwa mikono miwili, akisema, "Shikamoo, mwalimu. Karibu, vaa hii." Tulipoisogeza usoni tukasikia harufu ya mafuta ya nywele za watu wengine. Tukamjibu, "Marahaba, mwanangu. Iache tu; twaenda karibu, na Mungu yupo." Kijana akatutazama kitambo. Kisha akavua na yake, akaitundika kwenye usukani, kwa kuwa aliona si adabu yeye avae na mzee wake akae kichwa wazi.

Tulikwenda tukarudi salama, wala hatukuliwaza neno lile. Baada ya miezi michache mbuzi alikatiza njia mbele yake, akaanguka, na kofia ilikuwa pale pale usukanini. Hakufa. Walakini hata leo husahau majina, mkono wake wa kuume hauna nguvu, na mama yake aliuza nusu ya shamba la mananasi. Hatusemi ya kuwa sisi ndio tuliomwangusha. Twasema ya kuwa siku zile alizokuwa akijifunza, sisi tulikuwa miongoni mwa walimu wake, na somo tulilompa lilikuwa lile. Tena jina la Mungu tulilitumia kufichia uchaguzi wa pua zetu. Mama yake hututolea kiti kila tufikapo kwake, wala hajui kwa nini twakawia kukaa.

Basi, ni nini kiubadilicho moyo wa mtu? Wengine husema ni sheria, na sheria ya nchi yetu yamtaka mpanda pikipiki avae. Twaona ni kweli nusu. Katika nchi ya Vietnam, tarehe 15 Desemba mwaka 2007, sheria ya kofia ilianza kushikwa kwa nguvu katika njia zote, na watu ambao jana yake walikwenda kichwa wazi, siku ile karibu wote walivaa. Mtu asiidharau kofia iliyovaliwa kwa kumwogopa askari, maana lami haiulizi sababu. Lakini tuangalie na Marekani. Kufika mwaka 1975 majimbo 47 yalikuwa na sheria hiyo. Mwaka 1976 serikali kuu ikaacha kuyashurutisha, na katika miaka iliyofuata karibu nusu ya majimbo yakaifuta au kuilegeza. Watu wakavua, na vifo vikaongezeka. Hofu ikiondoka, huondoka na kile ilichokishika. Sheria yaweza kumvika mtu; kumfanya aendelee kuvaa mahali pasipo na askari ni kazi ya jambo lingine, nalo ni kumjua mtu ambaye wavaa kwa ajili yake.

Twajua pia ya kuwa vijana hawaonywi kwa haki kila mara. Kofia njema ina bei, na mwenye pikipiki hudai hesabu yake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Basi neno hili ni la matajiri wa pikipiki pia: ampaye kijana chombo bila kofia mbili amempa nusu ya chombo. Na kofia isiyofungwa mkanda ni pambo, maana huruka kabla ya kichwa kufika chini. Iliyokwisha kupigwa pigo kubwa haifai tena, hata ikiwa nje yaonekana nzima. Wala kofia si ruhusa ya kwenda mbio.

Nasi abiria tunalo la kufanya, tena ni jepesi. Chukua kitambaa safi cha kufunika nywele, ukiweke mfukoni pamoja na nauli. Kijana akikunyoshea kofia, ipokee, uivae, ufunge mkanda. Asipokuwa nayo, mwulize iko wapi. Akivua yake kwa heshima yako, mwambie airudishe kichwani ndipo mwondoke. Sisi twafanya hivyo sasa, ingawa twalianza tukiwa tumechelewa kwa mtu mmoja.