Kibanda Kisicho na Siku

Kibanda kilicho mezani kwangu hapa Kigombe, pwani ya Tanga, kimekatwa kwa leza. Vipande vyake ni vya mbao nyembamba, vimeshikana na bamba lake kwa vijino vidogo vya kutenganishwa kwa wembe, na kingo zake zimeungua rangi ya kahawia. Ni stoo ya mizigo ya kuwekwa kando ya reli ya mfano, kipimo cha 1 kwa 87: mtu mzima hapo ni kama sentimita mbili tu. Kuunga kuta nne kunataka pembe zilizonyooka, gundi kidogo, na subira ya kuiacha ikauke. Ugumu uko kwingine.

Aliyekichora aliweka kimo cha ukuta na idadi ya madirisha. Siku hakuiweka. Nyumba tunayoishi haikosi siku: ina kutu ya mwaka fulani, kivuli cha saa fulani, mtu anayetoka mlangoni. Anayeunga mfano ndiye huichagua, na akishaichagua, rangi ya bati na watu walio kando ya reli hufuata.

Nataka kiwe kibanda cha reli ya mkonge, kwa sababu ndiyo reli ya huku kwetu. Ningeweza kuchagua 1893, mwaka ambao Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, na mkonge wa mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf ulifika pwani hii: miche 62 iliyonusurika kati ya 1,000 iliyotoka Florida, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Lakini siku hiyo ni ya wenye mitaji peke yao. Au nichague siku ya baada ya bei ya mkonge kuanguka miaka ya 1960, nyuzi za viwandani zilipoisukuma singa, yaani nyuzi za mkonge, kando: bati limetoboka, majani yameota relini. Waungaji wengi wa mifano hupenda magofu, na ni kweli yanapendeza. Mimi naona huko ni kukwepa. Gofu halimdai mtu kitu. Waliofanya kazi wameshaondolewa kabla hujaanza kutazama.

Kwa hiyo nimechagua siku ya kazi, miaka ya 1950. Reli ya shambani, yenye upana wa sentimita 60 hivi, kwenye mfano haifiki milimita 7. Juu yake litakaa toroli lililojaa mafungu ya majani yakipelekwa korona, mashine ya kutoa nyuzi, na nyuma yake watu wanaolisukuma: manamba, vibarua wa mkataba waliotoka Songea, Kigoma, hata Msumbiji na Burundi, kila mmoja na kipande chake, kadi ya siku 30 za kazi za kujazwa. Toroli tupu lingekuwa rahisi zaidi kuliunda. Lingekuwa uongo.

Nikiwachonga watu hao nagundua kwamba udogo hausamehe. Mgongo ukinyooka kupita kiasi, mzigo unakuwa mwepesi. Ukipinda kupita kiasi, nimemfanya mtu kuwa huruma yangu tu. Naukwangua, narudia.

Mlango sijaugundisha. Maelekezo yanasema uende kulia, ila hayo ni ya kibanda cha nchi nyingine. Wapo wazee waliokulia kwenye kambi za manamba, waliokuwa watoto wakidandia matoroli hayo. Jumamosi nitawapelekea kibanda kwenye sinia wanioneshe mlango ulikuwa upande gani, na kama karani alikaa ndani au nje.