Ramadhani 14: Je, saumu huiua saratani kwa njaa?



Ndugu zangu, ule ujumbe wa sauti umeshafika kila kikundi: saratani inakula sukari, kwa hiyo mgonjwa afunge, itakufa njaa. Jana baada ya tarawehe nimeulizwa na watu watatu.

Mwanzo wa maneno hayo una ukweli. Mwanasayansi wa Ujerumani, Otto Warburg, aliona miaka ya 1920 kwamba seli za saratani hufyonza sukari nyingi kupita kawaida, tena huichachusha hata oksijeni ikiwepo. Kipimo cha PET kinatumia tabia hiyohiyo: mgonjwa hudungwa kitu kinachofanana na sukari, chenye mionzi kidogo, na pale uvimbe unapokifyonza panang'aa kwenye picha.

Sasa watu wanateleza hapa. Ukishinda na njaa, ini lako linatengeneza sukari lenyewe. Subhanallah, ndivyo Mola alivyoliumba, ubongo usizimike. Na saratani ni janja, ikipungukiwa sukari inaweza kula mafuta, au glutamini inayotoka kwenye misuli ya mgonjwa. Anayekonda ni yeye.

Kuinyima saratani chakula kunawezekana, ila kwa dawa inayolenga. Mwaka 1948 Dkt. Sidney Farber wa Boston alieleza jinsi dawa inayozuia kazi ya asidi ya foliki ilivyowapa nafuu ya muda watoto wenye saratani ya damu. Methotreksati, ya ukoo huohuo, inatumika mpaka leo. Ipo pia asparajinasi, inayoondoa asparajini kwenye damu. Seli nyingi nzima hujitengenezea kirutubisho hicho. Zile za saratani ya damu ya watoto kwa kawaida hazimudu. Njaa haina uchaguzi huo. Watafiti bado wanachunguza kama kupunguza chakula chini ya uangalizi kunaisaidia dawa, lakini hiyo haijawa tiba.

Basi mama yetu yuko kwenye kemo, amedhoofu, daktari kamwambia ale, halafu jirani anamwambia "funga upone"! Al-Baqara, aya ya 184 na 185, zimeshampa mgonjwa ruhusa. Anayetarajiwa kupona atalipa siku zake baadaye. Asiyetarajiwa, atoe fidya, kumlisha maskini mmoja kwa kila siku. Dawa asiache.

Wenye wagonjwa na hawajui wahesabuje fidya, tuonane msikitini leo baada ya Alasiri.

Wabillahi tawfiq.