Goti la Roboti

Wazazi wa mtaani kwetu wanapenda sana mtoto awe mhandisi. Wasichopenda ni kumkuta sebuleni amekodolea macho katuni ya roboti za urefu wa ghorofa sita zikipigana katikati ya jiji. "Zima hiyo, kachukue daftari la hesabu!" Mimi, na mvi zangu hizi, bado nazipenda roboti hizo, kwa hiyo mara nyingi najikuta wakili wa watoto wa watu.

Utetezi wangu huanzia Japani. Mwaka 1956 ilikuja Tetsujin 28, roboti ambayo mtoto aliiongoza kwa rimoti. Mwaka 1972 ikafuata Mazinger Z, ambamo dereva anakaa ndani ya kichwa cha mashine yenyewe. Kisha 1979 Gundam, ambayo leo jina lake ni kubwa, ila ilipoanza watazamaji walikuwa haba hata vipindi 52 vilivyopangwa vikakatwa vikabaki 43. Sehemu kubwa ya ufufuko wake ilitokana na vifaa vya plastiki vya kuunganisha ambavyo kampuni ya Bandai ilianza kuviuza mwaka 1980. Unapewa fremu yenye vipande vidogo vidogo vilivyoshikana. Unakata kimoja kimoja kwa koleo, unakwangua kovu lililobaki, unapachika kiungo kwa kufuata mchoro. Ukikosea kifundo cha mguu, roboti inalala kifudifudi mezani. Mtoto anajua kwa vidole vyake kwamba anayetaka kurusha ngumi lazima kwanza aweze kusimama.

Mpwa wangu, alipokuwa sekondari, aliniuliza swali ambalo filamu hizi hulikwepa: "Mjomba, hilo goti mbona halivunjiki?" Tukakaa tukapiga hesabu. Chukua mtu wa mita 1.8 na kilo 70, mkuze mara 10 kila upande. Anafika mita 18, kimo kilekile cha Gundam. Lakini uzito haukui mara 10. Unakua mara 10 kwa urefu, mara 10 kwa upana, mara 10 kwa unene, yaani mara 1,000. Ni tani 70. Mfupa wa mguu, ukiukata katikati, uso wake umeongezeka mara 100 tu. Kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya mfupa huo inabeba mzigo mara 10 ya ule wa awali. Galileo alikwisha kuliandika jambo hili mwaka 1638, bila roboti yoyote. Binti huyo alinuna kidogo, kisha akachukua penseli akaanza kunenepesha miguu ya roboti aliyokuwa ameichora.

Wajapani nao walikutana na hesabu hiyohiyo pale Yokohama. Kuanzia Desemba 2020 hadi Machi 2024 walisimamisha Gundam ya mita 18 inayosogea, yenye tani 25 hivi. Ilinyanyua mguu, ilikunja goti, iligeuza kichwa. Ila ukiitazama mgongoni uliona imeshikiliwa kiunoni na mtambo mkubwa. Haikuwa ikitembea kwa nguvu za miguu yake. Kuna waliosema huo ni uongo. Kwangu mimi, ule mtambo wa kiunoni ndio sehemu ya kuheshimiwa kuliko zote, kwa sababu waliouweka wameipenda hadithi na bado wakakubali kwamba uzito haubembelezwi.

Wakati mwingine hadithi na karakana hukutana waziwazi. Roboti ya utafiti HRP-2, ya sentimita 154 na kilo 58, umbo lake la nje lilichorwa na Yutaka Izubuchi, yuleyule aliyebuni mashine za Patlabor, katuni ya mwaka 1988 ambamo roboti kubwa ni vyombo vya ujenzi, nao polisi wana zao za kukabiliana na wahalifu wanaozitumia vibaya. Naipenda Patlabor hasa kwa sababu mafundi wa gereji wana nafasi ndani yake, si dereva peke yake.

Si mara zote hukutana hivyo. Mwaka 2011, kinu cha nyuklia cha Fukushima kilipoharibika, mashine za kwanza kuingia kupima mionzi ndani ya majengo zilikuwa PackBot za Marekani: vigari vidogo vya minyororo vyenye mkono mmoja, vya kampuni iliyojulikana majumbani kwa mashine za kufagia. Nchi ya roboti kubwa iliazima ndogo. Wakosoaji walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka.

Lakini tazama kilichofuata. Tangu Julai 2024, shirika la reli la magharibi mwa Japani linatumia mashine yenye kichwa, macho mawili na mikono miwili, iliyopandishwa juu ya gari la relini. Miguu haina kabisa. Inafika mita 12 juu, inabeba hadi kilo 40, inakata matawi na kupaka rangi vyuma vinavyoshikilia nyaya za umeme, ili mafundi wasianguke wala wasipigwe shoti, na kwa sababu vijana wa kazi hiyo wamepungua. Fundi anakaa chini kwenye kibanda chake, amevaa miwani inayomwonyesha inachokiona roboti, akisogeza mikono yake nayo ile mikubwa inafuata. Ndiyo Mazinger Z hiyo, kasoro ngumi. Kazi hiyo ningepewa mimi nafasi ya kuiomba, kesho alfajiri ningekuwa getini na vyeti mkononi.