Kazi Aliyotuachia Kaburini

Soma kwa ajili ya somo hili: Yohana 11:38–44, Isaya 38:1–5, 21, Luka 16:10, Wagalatia 6:1, 2.

Yesu alipofika kwenye kaburi la Lazaro aligawa kazi. Kumfufua mfu ilikuwa kazi yake peke yake. Kuondoa jiwe aliwaachia watu, na kumfungua aliyefufuka aliwaachia watu vilevile. Lazaro alitoka akiwa hai kabisa, lakini mikono na miguu ilikuwa bado imefungwa sanda. Je, angeweza kujifungua mwenyewe?

Vijana wengi wa Ngujini na vijiji vingine vya Upare hushuka kwenda Moshi, Arusha au Dar es Salaam kutafuta maisha. Baadhi hurudi wakiwa wamenaswa na heroini, bangi au pombe kali. Wengine hawana haja ya kusafiri: mirungi hulimwa katika baadhi ya vijiji vya Same, ingawa sheria ya nchi inaikataza.

Kijana mmoja wa namna hiyo alirudi kanisani. Nilikuwa nimemfundisha alipokuwa Mtafuta Njia. Alitubu, tukamwimbia, tukampa mkono wa ushirika. Miezi kadhaa baadaye, katika kikao cha maandalizi ya makambi, ilisemwa kwamba fedha zimepungua. Hakuna aliyetaja jina, lakini mimi niligeuka nikamtazama yeye, naye akaniona. Kesho yake iligundulika tulikosea kujumlisha. Nilikwenda kwao kumwomba radhi. Akanijibu, "Mzee, hata mimi ningejitazama." Maneno hayo yaliniuma kuliko tusi. Tulimwambia amesamehewa, kisha tukamwacha na sanda yake.

Je, kusamehe na kuamini ni kitu kimoja? Hapana. Msamaha hutolewa mara moja, kuaminiana hujengwa. Mzazi anayefunga sanduku la fedha wakati mwanawe anapoanza kupona hajakosa upendo. Anamwondolea jaribu katika siku za udhaifu. Lakini asiyekabidhiwa chochote ataonyeshaje kwamba ni mwaminifu? Yesu alifundisha kwamba uaminifu hupimwa katika lililo dogo. Basi apewe lililo dogo: ufunguo wa stoo ya viti, kuwafundisha watoto wimbo, kumsindikiza mgonjwa hospitalini. Akilitimiza, aongezewe. Sanda hufunguliwa kunjo kwa kunjo.

Na akianguka tena? Paulo anaagiza arejeshwe kwa upole, na kila anayemrejesha ajiangalie nafsi yake. Kuanguka hakuthibitishi kwamba toba ya kwanza ilikuwa ya uongo. Petro naye alilia kwa uchungu, na bado alikabidhiwa kondoo.

Wapo pia wanaomwambia kijana anayetumia methadoni kwamba, kama ana imani, aiache. Dawa hii ilianza kutolewa kwa waraibu wa heroini katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011. Kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu wa afya, nayo huzuia arosto ili mtu atulie, ale, alale na afanye kazi. Akiiacha ghafla, yuko katika hatari kubwa ya kurudia unga. Mfalme Hezekia aliomba, Mungu akaahidi kumponya, na bado Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Maombi hayakuifukuza dawa. Sisi tunaohubiri kiasi na afya tusiwe wa kwanza kumpokonya mgonjwa tiba yake.

Martha aliogopa harufu ya kaburi. Hofu yake ilikuwa ya kweli, kwa maana siku nne zilikuwa zimepita. Hata hivyo jiwe liliondolewa, na mikono ya watu ikaigusa ile sanda.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni jiwe gani katika kijiji chako linalowazuia vijana kutoka? Je, kuna mshiriki anayenufaika nalo?

2. Ni jukumu gani dogo ambalo kanisa lenu linaweza kumkabidhi kijana anayepona Sabato hii? Nani atatembea naye katikati ya juma?

3. Fedha zikipungua kesho, macho yako yatamwelekea nani kwanza? Kwa nini?