Sabuni ya Mwani Inakinga Ngozi ya Nani?

Kutoka Kisii hadi baharini ni karibu kilomita 800, lakini sabuni ya mwani inafika, kwa parseli ya basi tu. Unaagiza kwa simu, unaambiwa inalainisha ngozi, inatoa madoa, inakinga jua. Na ni asilia, bana. Neno hilo likishatajwa, maswali huisha.

Si uongo wote. Mwani mwekundu una karajinani, ute unaoshika maji, ndiyo maana unatiwa kwenye losheni na hata dawa ya meno. Aina kadhaa hutengeneza pia kemikali zinazofyonza miale mikali ya jua, maana maji yakipwa mmea wenyewe hubaki umeanikwa. Lakini kilicho ndani ya mmea si lazima kifike kwenye kipande cha sabuni, na sabuni yenyewe unaisuuza dakika hiyo hiyo. Muuzaji akikuahidi kinga ya jua la saa saba, mwombe akuongezee kofia. Hata hivyo, afadhali hiyo kuliko krimu za zebaki za kujichubua, ambazo zimepigwa marufuku na bado zinauzwa chini ya meza.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989, kwa mbegu za Ufilipino. Kwetu Kenya kiko Kibuyuni, Kwale. Wakulima wengi ni akina mama. Wanainama saa nzima nzima kwenye maji ya chumvi, jua likiwapiga kutoka juu na kurudi tena kutoka majini. Watafiti waliowahoji wakulima wa Zanzibar wameandika malalamiko yale yale: macho kuuma, ngozi kuwasha, mgongo. Yaani kuna ngozi inayochomeka ndipo yangu ilainike.

Utasema, si wanalipwa? Sawa. Lakini Nyamira tunalijua jibu hilo kutoka upande wa pili. Chai nayo inatiwa kwenye vipodozi vya bei ghali huko nje, huku vidole vya anayeichuma vikiwa vyeusi kwa utomvu na vimepasuka kwa umande wa asubuhi. Hakuna mkulima wa Kebirigo anayetaka mtu wa London aache chai kwa kumhurumia. Angelala njaa. Kelele za kila msimu wa bonasi ni za bei.

Kwa hiyo kususia sabuni ya mwani ni huruma ya bure. Nikichagua, nachagua ile iliyotengenezwa na vikundi vya akina mama wenyewe, hata kama karatasi yake imekunjwa vibaya, kwa sababu sabuni huwaachia zaidi kuliko mwani mkavu unaopimwa kwa kilo. Muuzaji asiyejua mwani wake umetoka kijiji gani, mimi simpi pesa.

Lakini hata bei nzuri hairudishi macho. Viatu vya maji, glavu, miwani ya jua: hizo ni gharama za kutengeneza sabuni, kama vile mafuta ya nazi na magadi. Sijui kwa nini tumezoea kuziita msaada, tukingoja mfadhili aje apige picha akizigawa.