Omba Siku, Usiombe Cheti

Keti, mjukuu wangu. Chai imo kwenye chupa, jimiminie. Magoti yangu leo hayasikii amri. Nimeuona udongo mwekundu kwenye kucha zako, na cheti cha daktari, ile ED, nimekiona mezani: mapumziko siku mbili, tumbo. Sikugombezi. Nimechoka kugombeza.

Miaka niliyokaa masijala, mvua ya kwanza ya Desemba ikishuka upande wa Chamwino, kesho yake matumbo yaliuma ofisi nzima. Tulijua sote, na mkubwa wetu alijua. Mvua ya huku kwetu ni ya msimu mmoja, haingoji Jumamosi. Asiyeuwahi udongo ukiwa na maji hana mtama. Shamba lilikuita, nakuamini. Lakini ulikwenda kukaa foleni ya zahanati, nyuma yako mama amebeba mtoto wa homa, ukamsimulia daktari maumivu usiyokuwa nayo. Hapo ndipo uliponiumiza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka, kwa malipo. Ukiomba siku moja au mbili na mwajiri akaridhia, anaweza kuzikata humo humo. Za ugonjwa ni 126 katika miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Unaziona nyingi, eti? Nami nilizichezea hivyo hivyo, leo kichwa, kesho mgongo. Kisha nikavunjika mguu kweli, njia ya Kondoa. Nusu mshahara ulinikuta ningali na plasta, na bibi yako akauza mbuzi wawili.

Sisemi sheria imemaliza yote. Kuna siku zisizopungua 4 za mtoto kuugua, au kufiwa na mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu, ndugu wa tumbo moja. Mjomba hamo. Shangazi hamo. Kwetu mjomba azikwe usionekane? Utaulizwa hadi uwe na mvi. Ndiyo maana mafaili ya masijala yalijaa watu waliozika baba mara mbili. Na wapo wakubwa ambao ukiwaomba siku moja wanakutazama kana kwamba umewaomba figo. Hao ndio wanaowafundisha vijana kuumwa. Wa kwako simjui. Nawe humjui, maana hujawahi kumwomba.

Wala usije ukakaa kimya tu nyumbani. Zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu, kazi inaweza kwenda.

Nasikia kunde bado hujapanda. Karatasi zimo droo ya pili, kalamu ipo juu ya redio. Andika: siku moja, Alhamisi, nipande shamba. Tumbo liache.