Mgeni wa Siku ya Tatu

Ipo methali ijulikanayo na kila mtu katika nchi yetu: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huitaja kwa kumcheka mgeni asiyejua kuaga. Lakini yafaa tuipime vema, kwa kuwa ndani yake limo swali zito la dhamiri. Mtu asiye na kwao amebisha hodi. Twampa chakula na mkeka, na moyo wetu watulia. Je, siku ya tatu ikifika, naye hana pa kwenda, wajibu wetu umekwisha?

Watu wa Tabora wanayo sababu ya pekee ya kujiuliza hivyo, maana mji wao ulikua kwa wageni. Njia kuu ya misafara, toka Bagamoyo hata Ujiji, ilipita hapo. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifiwa kila mahali kwa nguvu na uvumilivu, wala hawakukosa pa kupumzika walipokuwa wazima. Bali aliyeugua njiani mara nyingi aliachwa chini ya mti, na msafara ukaendelea. Njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu, na watumwa pia.

Katika miaka ya 1880 Mapadre Weupe walifungua makao ya yatima huko Kipalapala, karibu na Tabora, kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Kwa nini makao? Je, haikutosha kukata kamba na kumwambia mtoto, Nenda zako? Haikutosha hata kidogo. Kijiji chake huenda kilikuwa kimechomwa moto, njia ya kurudi hakuijua, na mtu wa kwanza kumwona peke yake porini angeweza kumkamata tena. Uhuru usio na nyumba ni uhuru wa siku moja. Mwaka 1889 mapadre walilazimika kuyaacha makao hayo kwa sababu ya machafuko, lakini somo lake halikupotea.

Tumtazame Adriani Atiman. Alizaliwa mbali sana, katika nchi iitwayo leo Mali, akatekwa angali mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa uganga wa kizungu huko Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawa katekista na mganga wa watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 aliwatibu watu ambao si wa kabila lake. Mtoto asiye na kwao alipewa jembe lake, nalo lilikuwa dawa na neno la Mungu. Naye akawa baba wa wengi. Ndivyo wasemavyo wazee: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na katika siku zilizo karibu nasi zaidi, mwaka 1972, maelfu ya watu waliyakimbia mauaji ya Burundi. Baadhi yao walipelekwa Ulyankulu, mkoani Tabora. Hawakuwekwa wangoje kulishwa daima. Waligawiwa ardhi wakalima, wakajenga shule na makanisa, wakazaa na kuzika hapo. Mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 miongoni mwa wakimbizi wa 1972 na watoto wao, wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walipewa uraia wa Tanzania. Basi, maana ya kweli ya methali yetu ni hii: jembe si fimbo ya kumfukuza mgeni, bali ni ishara ya kumwambia, Hapa ni kwako sasa, shiriki kazi yetu na mavuno yetu.

Lakini mtu ataniuliza: Na yule asiyeweza kushika jembe? Ndipo penye jaribio la mapendo yetu. Yupo bibi kizee aliyefukuzwa na jamaa zake kwa uvumi wa uchawi, dhambi ambayo imemwaga damu nyingi Unyamwezi na Usukuma. Yupo kipofu. Yupo mtoto ashukaye garini katika stesheni ya Tabora, asiye na wa kumpokea. Hao hawawezi kutulipa kwa jasho. Tukiwapokea wale tu watakaotufaa, hatukukaribisha wageni, tumeajiri vibarua.

Wengine husema: Yapo makao ya wazee na ya yatima, waende huko. Makao hayo ni ya lazima, na wanaohudumu humo wastahili heshima na msaada wetu. Hata hivyo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema kwamba kumtunza mzee katika makao ni njia ya mwisho, na kwamba familia ndiyo ya kwanza. Ndivyo afundishavyo Kanisa pia. Makao yamewekwa kwa ajili ya asiye na mtu, si kwa ajili ya mwenye watoto waliomchoka. Ampelekaye mama yake huko ili apate nafasi ya kupangisha chumba, huyo amemnyang'anya maskini kitanda, na mama yake nyumba.

Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, alijenga nje ya mji wake makao ya maskini na wagonjwa. Naye alifundisha kwamba kilichozidi kwa mwenye nacho ni haki ya mhitaji. Neno hili ni gumu. Tumezoea kuhesabu ukarimu kuwa ni fadhili, nasi twangoja shukrani. Kumbe kwa sehemu kubwa ni deni, na mwenye kulipa deni hangoji kusifiwa.

Basi, wazazi Wakristu, jioni ya leo hesabuni walio wa ukoo wenu. Je, yuko mmoja asiyejulikana analala wapi? Mwanzieni huyo. Kisha, katika jumuiya yenu, ulizeni ni nani kijijini au mtaani aliye peke yake, mkapange zamu ya kumtazama, si kwa siku mbili tu. Bwana wetu hakutuambia kwamba siku ya hukumu atatuuliza ukubwa wa nyumba zetu. Atatuuliza kama alikuwa mgeni, nasi tukamkaribisha.